Karatasi ya Kadi na Hewa ya Unguja

Kadi ya biashara ni kipande cha karatasi nene chenye urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 55. Kipimo hicho kinakaribiana sana na cha kadi ya benki, na ndiyo sababu kadi iliyokatwa vizuri huingia katika pochi bila kukunjwa pembe. Wamarekani hupendelea kadi ndefu kidogo na nyembamba zaidi, ya milimita 89 kwa 51. Karatasi moja ya A4 hutoa kadi kumi za kipimo cha kwanza, na kadi mia moja za gramu 350 zikiwekwa kwenye mizani hazifiki gramu 165. Ni kitu kidogo, lakini Unguja kitu hicho kidogo hupita kwenye mitihani mingi: jasho la kiganja, upepo wa bahari wenye chumvi, mvua za masika, mfuko wa kanzu, mkoba wa mgeni uliojaa mchanga wa Paje. Anayechagua karatasi kwa kuitazama dukani tu, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, huwa hajaijua bado kadi itakayomfikia mteja wake.

Wapiga chapa huita karatasi kwa gramu. Gramu hizo ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ni ya gramu 80. Manila ya skuli, ile inayobandikwa ukutani na walimu, ni nzito zaidi, lakini bado ni laini mno kwa kadi. Kadi ya gramu 250 husimama, ila ikishikwa ncha moja huinama kama jani. Gramu 300 hadi 350 ndicho kiwango kinachofaa kazi nyingi, na kuanzia 400 kwenda juu kadi huwa ngumu kiasi cha kusikika inapogongwa mezani.

Gramu, hata hivyo, hazisemi unene. Karatasi laini iliyopakwa na kugandamizwa kiwandani huwa nyembamba kuliko karatasi kavu isiyopakwa yenye uzito uleule. Kadi ya gramu 300 isiyopakwa inaweza kuwa nene kuliko ya gramu 350 inayong'aa. Kwa hiyo kuagiza kwa namba peke yake, kwa simu au kwa ujumbe, ni kujitafutia majuto. Kidole gumba na cha shahada huamua vizuri kuliko orodha ya bei.

Karatasi inayotumika zaidi kwa kadi ni ile ambayo mafundi huiita atikadi. Uso wake umepakwa unga mweupe uliochanganywa na gundi, kisha ukalainishwa kwa rola za chuma hadi ukawa kama kioo, au ukaachwa na weupe mtulivu usiong'aa. Unga huo kwa kawaida ni wa vitu viwili. Cha kwanza ni udongo mweupe wa kaolini, ambao nchini Tanzania unapatikana kwa wingi katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Cha pili ni kalisi kaboneti, madini yaleyale yanayounda mawe ya matumbawe, na ambayo chokaa hurudia kuwa inapokauka ukutani. Kwa maana hiyo kuta za Mji Mkongwe na uso wa atikadi ni ndugu. Faida ya mpako huu ni kwamba wino hubaki juu, haunyweki, na rangi ya picha hutoka kali: buluu ya bahari inakuwa buluu kweli. Hasara yake ni kwamba kalamu huteleza juu yake, na ikilowa maji mpako hulainika na kadi mbili zilizolaliana hugandana.

Upande wa pili kuna karatasi zisizopakwa. Hizi hunywa wino, rangi zake hupoa kidogo, na mkononi zina joto la karatasi ya kweli. Humo kuna bristoli nyeupe tupu. Karatasi zenye mistari hafifu kama zile za chapa ya Conqueror, ambazo ofisi na mawakili wamezizoea kwa barua. Karatasi zenye msuko wa kitani. Karatasi za pamba, ambazo ni ghali na hazitafutwi na wengi. Na krafti ya rangi ya kaki. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, hutengeneza hasa karatasi za kufungashia za jamaa ya krafti kutokana na misonobari ya nyanda za juu za kusini. Karatasi nyeupe za kadi huagizwa kutoka nje, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kupanda na kushuka pamoja na dola. Kisha zipo zile zenye kumetameta kama lulu, ambazo kila mtu amewahi kuziona kwenye mialiko ya harusi. Kwa harusi zinapendeza. Kwa kadi ya biashara humetameta mno, na maandishi madogo hupotea ndani yake.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni unyevu, kwa kuwa ndilo linaloharibu kadi nyingi kisiwani na ndilo lisiloulizwa dukani. Karatasi ni nyuzi za miti zilizolazwa na kukaushwa, na nyuzi hizo hazijaacha tabia ya mti: hunywa maji yaliyomo hewani na kuyaachia hewa inapokauka. Maabara za karatasi hupima karatasi katika nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50. Unguja unyevu mara nyingi huwa karibu na asilimia 80, na kati ya Machi na Mei, masika yanapokaza, huzidi hapo. Kaskazi ikivuma Disemba na Januari joto hupanda na viganja hulowa jasho. Juu ya hayo kuna chumvi. Kadi iliyopigwa na upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi usoni, na chumvi hiyo, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji yenyewe. Ndiyo maana kadi iliyokaa wiki moja kwenye chombo cha uvuvi au meza ya ufukweni hubaki chepechepe hata siku isiyo na mvua.

Uzi wa karatasi ukinywa maji hunenepa zaidi ubavuni kuliko unavyorefuka. Mashine ya kiwandani hulaza nyuzi nyingi kuelekea upande mmoja, kwa hiyo kila karatasi ina upande wa kufuata nyuzi na upande wa kuzikata. Kuutambua si kazi ngumu. Kipande kidogo cha mraba kikilowanishwa uso mmoja hujiviringa kuwa mfereji, na mfereji huo hulala sambamba na nyuzi. Kadi ambayo nyuzi zake zimefuata urefu huwa ngumu inaposhikwa ncha, na ile ambayo nyuzi zimefuata upana huinama upesi. Fundi makini hulijali hili anapopanga kadi kwenye karatasi kubwa. Asiyejali hupanga kwa namna itakayotoa kadi nyingi zaidi, na mteja hugundua baadaye.

Mpindo wa kadi hutokana na uso mmoja kunywa maji kuliko mwingine. Hali hiyo hutokea kwa urahisi kadi inapotoka kwenye mashine ya leza, ambako imepita katika joto kali na kukaushwa, ikaingia katika boksi, kisha boksi likafunguliwa kwenye baraza la Hurumzi saa nne asubuhi. Kadi iliyokuwa bapa hupinda kama kigae. Ikiwa uso mmoja umefunikwa kwa plastiki na mwingine uko wazi, mpindo huwa mkubwa, kwa sababu upande wa wazi hutanuka na upande wa plastiki hukataa.

Tatizo hili Mji Mkongwe unalijua tangu zamani. Picha nyingi za karne ya 19 zilichapishwa juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, na karatasi hiyo ikiachwa peke yake hujiviringa kama gamba la mdalasini. Dawa yake ilikuwa kuigundisha kwenye kadi ngumu. Mwaka 1854 Mfaransa Disdéri alisajili mjini Paris mtindo wa picha ndogo zilizobandikwa kwenye kadi za milimita 64 kwa 100 hivi, ukubwa usioachana sana na kadi za biashara za leo. Baadaye wapiga picha wenye asili ya Goa waliofungua studio Unguja, kina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walibandika picha zao kwenye kadi nene zilizochapwa jina la studio. Kadi hiyo ilishika picha isipinde na papo hapo ikamtangaza fundi wake kila ilikokwenda. Picha hizo zimepita zaidi ya miaka mia moja, na zilizosalia vizuri zimesalia kwa sababu mgongo wake ulikuwa mgumu.

Leo kinga inayopendwa ni laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki unaobandikwa kwa joto. Ya glosi hung'aa na kuzifanya rangi zionekane zimelowa. Huonyesha alama za vidole, na chini ya jua la saa saba mchana huakisi mwanga hadi msomaji ageuze kadi ndipo aone namba. Ya mati haing'ai, husomeka juani, na huficha jasho, ila ikikwaruzwa na ufunguo mkwaruzo hubaki, hasa juu ya rangi nyeusi. Kuna na ile laini kama mahameli, ambayo vidole huipenda mara moja. Utando wa aina zote tatu kwa kazi za kadi ni mwembamba sana, mikroni 20 hadi 30 hivi. Usichanganywe na laminesheni ya mfuko inayofanyiwa vyeti na vitambulisho steshenarini, ambayo ni nene mara kadhaa na huacha ukingo wa plastiki pembeni. Kadi iliyofanyiwa hiyo hukaa miaka, lakini huonekana kama cheti cha kliniki.

Kwa hali ya hewa ya Unguja kanuni ni moja: laminesheni iwe pande zote mbili au isiwepo kabisa. Upande mmoja ni kukaribisha mpindo.

Hapo ndipo unapokuja ugumu wa kweli, kwa kuwa kadi ya Unguja huandikwa nyuma. Mtembeza wageni anaposimama Forodhani na familia iliyotoka Italia, hampi baba kadi tupu. Huigeuza, akaandika kwa kalamu: saa 2 asubuhi, geti la hoteli, Jozani na Kizimkazi, bei ya watu wanne. Kadi hiyo ni risiti, ni ahadi, ni ramani. Ikiwa nyuma kuna glosi, kalamu huteleza, wino hukusanyika kama ushanga kisha hufutika kwa kidole, na kufika hotelini mgeni ana kadi yenye wingu la buluu. Wakati huohuo nahodha wa Nungwi anayetoa kadi na vidole vilivyolowa anahitaji plastiki hiyohiyo inayomkosesha mwenzake. Suluhisho la mtembeza wageni ni karatasi isiyopakwa ya gramu 350 au zaidi, bila laminesheni yoyote, ambayo unene wake unapinga mpindo. Vinginevyo achague laminesheni ya mati pande zote na abebe kalamu ya wino wa kudumu, ingawa kalamu hiyo, kama kila kalamu, siku ya kuhitajika huwa imeazimwa.

Nahodha ana njia nyingine: karatasi ya sanisi, ambayo ni plastiki inayofanana na karatasi. Haichaniki, hailowi, na inaweza kuzama baharini ikatoka salama. Sharti ni ichapwe kwenye mashine inayoifaa, kwani baadhi yake hulegea kwa joto la leza. Lipo pia la mazingira. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na tatu kabla ya Tanzania Bara, kwa sababu kisiwa hakina pa kuficha taka. Kadi ya plastiki haimo katika katazo hilo, lakini kadi yenye utando hairudi kuwa karatasi kwa njia za kawaida, na mwenye nyumba ya wageni anayejinadi kwa kulinda matumbawe akitoa kadi ya plastiki, mgeni ataliona.

Kwa wenye kazi za mikono, kigezo ni mkono wenyewe. Mchora hina huwa na vidole vyenye mafuta na rangi. Muuza viungo wa Kizimbani huwa na mafuta ya karafuu. Fundi wa masanduku ya mbao ana vumbi la msasa. Tone la mafuta likigusa karatasi isiyopakwa huacha doa linalopitisha mwanga, na doa hilo halitoki. Hawa laminesheni ya mati inawafaa kuliko wote. Anayetengeneza sabuni ya mwani, kwa upande mwingine, hushika bidhaa iliyokwisha fungwa, na krafti ya kaki yenye maandishi meusi tupu humkaa vyema: ni rangi ya bidhaa yake. Atambue tu kwamba krafti haina weupe wa kubeba picha. Rangi za kawaida za uchapaji hupitisha mwanga, kwa hiyo njano juu ya kaki hugeuka matope. Wakili, daktari na mhasibu, ambao kadi zao hutolewa ofisini na kuingia moja kwa moja kwenye faili, wanaweza kuchukua karatasi ya mistari isiyopakwa wasihofu kitu.

Mapambo ni hatua ya mwisho, na wengi huanzia hapo. Foili ya dhahabu hubandikwa kwa kibao cha chuma cha moto. Vanishi ya UV ya sehemu sehemu hung'arisha nembo peke yake juu ya mati, na tofauti hiyo huonekana hasa kwenye rangi nzito. Maandishi yaliyoinuliwa au kubonyezwa huhitaji kibao cha kuchonga na karatasi yenye mwili. Kila moja huongeza gharama ya matayarisho ambayo ni ileile kwa kadi mia au elfu, kwa hiyo oda ndogo huumia zaidi. Pambo moja linatosha. Kadi yenye mawili huanza kushindana na jina la mwenyewe.

Alama ya kubonyeza ina historia ya kupendeza. Unguja ilikuwa na matbaa mapema: Edward Steere, aliyefika na misheni mwaka 1864, aliendesha mashine ndogo ya kuchapa, na Sultani Barghash alianzisha ya kwake iliyochapa vitabu vya Kiarabu mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mashine za namna hiyo zilikandamiza herufi za chuma juu ya karatasi, na mchapaji hodari wa zama hizo alisifiwa kwa kukandamiza kidogo sana, herufi iguse tu. Bonde linaloachwa na herufi, ambalo wateja wa leo hulilipia ziada, lilihesabiwa kuwa kosa.

Karatasi lazima ikubaliane na mashine pia. Mashine ya ofseti hutumia wino wa mafuta na huenda vizuri juu ya karibu kila karatasi, lakini hulipa kwa oda kubwa. Kazi ya namna hiyo wengi huipeleka Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti ya kasi. Mashine ya leza hutumia unga unaoyeyushwa juu ya karatasi, na unga huo haushuki vizuri kwenye mabonde ya kitani: rangi iliyojaa hutoka na madoadoa meupe. Printa ya wino wa majimaji, ile ya nyumbani, mara nyingi hutumia wino unaochuruzika tone la kwanza la mvua linapogusa. Kadi zake hufaa siku moja ya maonyesho, si zaidi.

Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, sasa umo kwenye kadi nyingi. Hutaka giza juu ya mwanga, upana wa sentimita 2 angalau, na ukingo mtupu kuuzunguka. Juu ya foili au glosi kali, simu hushindwa kuusoma nje kwenye jua. Mahali pake ni uso wa mati au karatasi isiyopakwa.

Baada ya kukatwa, kadi zihifadhiwe katika boksi lenye kifuniko, ndani ya mfuko uliofungwa, na kifuko kimoja au viwili vya silika kutoka boksi la viatu. Boksi lisigusane na ukuta. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hupandisha maji kutoka chini na kuyatoa polepole, na rafu iliyoshikana nazo huotesha ukungu. Zitolewe kidogo kidogo, za wiki moja, na oda iwe ya miezi michache badala ya miaka miwili. Masika moja tu hutosha kuharibu boksi zima lililosahauliwa wazi.

Na kabla ya kulipa, mteja aombe vipande vitatu vya karatasi anayoifikiria, vikiwa vimechapwa na kumaliziwa kama kadi zitakavyokuwa. Kimoja akiandike kwa kalamu na kukisugua kwa kidole. Kimoja akidondoshee maji, akifute baada ya dakika moja. Cha tatu akilaze dirishani usiku kucha, kisha asubuhi akiweke juu ya kioo cha meza: kikilala bapa, hiyo ndiyo karatasi ya kuagiza.